Shajara ya mradi: kadi za mpiga ramli, mwaguzi na mfumu (Tabora)

Wiki ya 1, Jumamosi usiku

Haya jamani nimeanza rasmi. Nilimuahidi dada yangu kwenye simu kwamba mwaka huu haupiti bila hii kazi na leo nimekata manila nyeupe vipande 24 hapa hapa dukani, kila neno na kadi yake, mbele neno lenyewe, nyuma limetoka wapi na nani analitumia. Nina duka la steshenari na fotokopi kwahiyo karatasi na printa sio shida, shida ni maneno. Zikikamilika nazitoa kama kitabu kidogo cha kushonwa pini, nagawa shuleni na msikitini na kanisani na yeyote anayetaka.

Chanzo ni msiba. Bibi mzaa mama alifariki kule Sikonge na bibi alikuwa mfumu, yani mganga wa Kinyamwezi anayesoma kuku, watu walikuwa wanatoka Ipole, wengine Inyonga huko, wanalala kwetu siku mbili tatu wanasubiri zamu. Sasa siku ya kuanua tanga kijana mmoja akapewa nafasi ya kutoa neno, kijana mzuri tu na alikuwa anamsifia, akasema "marehemu bibi yetu alikuwa mpiga ramli maarufu". Nyuma yangu mtu akanong'ona lile neno jingine baya linaloanza na m. Mama akainamisha kichwa mpaka watu wakaanza kula hajakiinua. Bibi hajawahi kushika mchanga wa ramli maisha yake yote! Alikuwa na manyanga yake mawili ya kibuyu na kuku wa mteja, basi. Tangu siku ile nina hili jambo kifuani, yani mtu kafanya kazi miaka 50 halafu anazikwa na jina la kazi ya mtu mwingine.

Wiki ya 1, Jumatatu

Orodha ya kwanza nimeipata kwa kuuliza tu wateja wanaokuja kutoa kopi. Mpiga ramli, mpiga bao, mnajimu, mpiga falaki, mtabiri, mbashiri, kahini, mwaguzi, mganga, mfumu, na mtaani sa hivi wengi wanasema tu "mtaalam". Kitendo chenyewe wanasema kuangalizia, kutazamia, kupiga bao, kupiga ramli. Mama mmoja wa Isevya akaniambia "sisi tunasema kwenda kuagua, ila watoto wetu hawalijui hilo". Nimeliwekea alama nyekundu, agua ntarudi kwake.

Naanza na ramli kwa sababu ndio limemeza mengine yote.

Wiki ya 2, Ijumaa baada ya swala

Nimekaa na maalim mmoja wa Ng'ambo, mtaa wa hapa hapa Tabora, mzee wa makamo mwenye Kiarabu kizuri. Nikampa shikamoo nikamweleza shida yangu, akanyamaza kidogo nikadhani atanifukuza, akasema "mimi ramli sipigi na anayekuja kuniomba nimpigie namrudisha nyumbani kwake, dini yangu hainiruhusu, lakini neno ni neno mwanangu, kaa nikueleze."

Ramli ni mchanga. Hivyo tu. Kwa Kiarabu raml ni mchanga, na elimu yenyewe inaitwa ilmu ya raml, elimu ya mchanga, kwa sababu alama zilikuwa zinachorwa kwenye mchanga uliotandazwa. Na ndio maana tukasema pia kupiga bao, bao ni ule ubao unaomwagiwa mchanga juu yake, sio bao la kete wala bao la mpira.

Kilichonitoa usingizini ni neno kupiga. Mi nilidhani ni mazoea yetu tu Waswahili, maana tunapiga kila kitu, simu tunapiga, picha tunapiga, pasi tunapiga. Maalim akasema hapana, Waarabu wenyewe wanasema darb al-raml, na darb ni kupiga, ndio ile ile iliyotupa dharuba. Yani mtu wa zamani huko pwani alilisikia kwa Kiarabu akalivua nusu nguo, mchanga akauacha na jina lake la Kiarabu na kupiga akakutafsiri. Neno moja nusu mgeni nusu mwenyeji. Nimeiandika hiyo kadi mara mbili maana ya kwanza niliijaza mpaka pembeni.

Wiki ya 2, Jumapili

Nimetaka nione kwa macho kwanini iitwe kupiga. Nimechukua trei ya plastiki, nimemwaga mchanga laini niliochekecha, nikafuata utaratibu kama unavyoelezwa kwenye vitabu vya hiyo elimu (sitafuti bahati ya mtu, naangalia mkono unafanya nini).

Unachoma nukta kwa kidole kwa haraka mstari mzima BILA kuhesabu, tu tu tu tu, mpaka mkono usimame wenyewe. Hapo ndio kupiga, na sauti unaisikia kabisa kwenye trei. Unafanya mistari minne. Alafu unarudi unafuta nukta mbili mbili, mwisho wa mstari inabaki moja au zinabaki mbili. Mimi mstari wa kwanza zilikuwa 13 ikabaki moja, wa pili 10 zikabaki mbili, wa tatu 11 ikabaki moja, wa nne 16 zikabaki mbili. Ukiziandika toka juu kwenda chini, moja, mbili, moja, mbili, hiyo ni sura moja. Sura zinazowezekana ni 16 tu, haiwezi kuzidi, kwa sababu ni nafasi nne na kila nafasi ina mambo mawili.

Zinatengenezwa sura nne namna hiyo zinaitwa mama, yani mistari 16 yote kwa pamoja. Kutoka kwa mama wanne unazisoma kwa upande unapata binti wanne. Halafu unajumlisha mbili mbili, witiri (isiyogawanyika kwa mbili) na shufwa (inayogawanyika) inatoa witiri, zinazofanana zinatoa shufwa, zile nane zinazaa nne, nne zinazaa mashahidi wawili, mashahidi wanazaa hakimu mmoja. Mimi nilirudia mara sita na kila mara hakimu alitoka na jumla ya nukta shufwa, nikadhani nakosea, nikakaa na kalamu mpaka saa sita usiku, kumbe hesabu yenyewe inalazimisha hivyo, hakimu hawezi kuwa witiri hata upige mpaka kesho. Kwahiyo kati ya sura 16 ni 8 tu zinaweza kuwa hakimu. Na mtaalam mzuri anaitumia hiyo kujikagua, akiona hakimu witiri anajua kakosea kujumlisha anafuta anaanza upya.

Nimeiheshimu hii kitu jamani. Sisemi inajua kesho ya mtu, nasema ni hesabu iliyotulia, watu wamekaa nayo karne na karne. Kuna chombo cha shaba cha ramli kiko British Museum kule London, kina vidude vya kuzungusha badala ya mchanga, kimetengenezwa mwaka 1241 au 1242 na fundi wa asili ya Mosul, na jina lake kaliandika. Kule Madagaska ni sikidy, wanatumia mbegu, sura ni hizo hizo 16. Wayoruba wa Nigeria wana Ifa, sura 16 kwa 16 zinakuwa 256. Ukipiga ramli Ujiji na mwenzio akatandaza mbegu zake Madagaska mkikutana mnaweza kuoneshana sura mkaelewana bila lugha.

Bibi hakuwa huko kabisa. Hakuwa anahesabu nukta.

Wiki ya 3

Wiki mbaya. Simu ilianza kujizima, nikaipeleka kwa fundi mmoja akairudisha inawaka vizuri ila kaifomati, rekodi tatu zimepotea, ya mama wa Isevya, ya mzee mmoja wa Kanyenye na ya maalim. Sijagombana nae, niliumia tu. Maalim na mama wa Isevya wamekubali turudie, yule mzee wa Kanyenye kasafiri kwa mwanae Nzega. Kuanzia leo kila rekodi naihamisha kwenye kompyuta ya dukani siku hiyo hiyo na naandika na daftari pia.

Kadi za wiki hii ni fupi. Mnajimu ni munajjim, mtu wa nyota, najm ni nyota. Ile mu- ya Kiarabu imefika kwetu ikafanana na m- yetu ya watu basi tukamgawa, mnajimu wanajimu, kama ilivyokuwa kwa mwalimu na walimu. Falaki ni falak, anga la nyota zinapozunguka. Mbashiri, kubashiri kwa asili ni kuleta habari njema, leo vijana wa mikeka ya kubeti ndio wanalitumia kila wikiendi.

Wiki ya 4, Sikonge

Nimeenda kwa mama, nimelala siku mbili. Tumekaa chini ya mwembe na mama mkubwa, mkubwa wao wote, anaongea Kinyamwezi cha ndani kabisa na mimi narekodi na kuandika, nikikwama mama ananitafsiria.

Mfumu, wafumu, kwa Kinyamwezi chenyewe bafumu, na kazi yenyewe ni bufumu. Kitendo ni kulagula. Mama mkubwa akasema "bibi yako alikuwa analagula, hakuna neno jingine, usimtafutie la mjini." Kuku anakuja na mteja, mteja ndio anatoka nae nyumbani maana yule kuku anabeba habari za ile nyumba, anachinjwa, anapasuliwa, na mfumu anasoma mabawa na ndani. Nikiwa mdogo niliwahi kuona. Bibi aliinamia yule kuku kama mtu anayesoma barua ya mwandiko mdogo, kidole cha shahada kinapita taratibu pembeni ya bawa bila kugusa, anasimama, anarudi nyuma kidogo, anaenda tena. Kwenye mlango wamesimama ndugu wa mgonjwa, hakuna anayekohoa. Akimaliza ananawa kwanza ndio anaongea.

Sasa kulagula! Nilivyolisikia kichwani mwangu kikagonga, nikakumbuka mama wa Isevya na kuagua. Ni neno moja!! Kiswahili kina tabia ya kumeza l. Sisi Wanyamwezi tunasema nzala, Kiswahili njaa. Sisi mkulu, Kiswahili mkuu. Sisi kulagula, Kiswahili kuagua, na anayeagua ni mwaguzi. Sio la Kiarabu, sio la kuja na meli, ni la Kibantu la siku nyingi sana na limeenea. Waganda wanasema kulagula na omulaguzi, Warundi na Wanyarwanda kuragura. Kwahiyo mtu wa Tabora anayesema "mwaguzi" anasema lile lile la bibi yake, l tu imeanguka njiani.

Na kuna neno letu moja lililoingia Kiswahili na l yake nzima bila kumezwa, ikulu. Ikulu ni makao ya mtemi, Isike alikuwa na yake pale Ipuli mpaka Wajerumani walipoivunja Januari 1893, leo Ikulu ni nyumba ya rais. Kwa hiyo kwenye Kiswahili utakuta mkuu na ikulu vinakaa sentensi moja, damu moja, mmoja kafika kapungua l na mwingine kafika mzima. Najua natoka nje ya mada ila kadi hii nimeiongeza, sikuweza kujizuia.

Wiki ya 5

Hakuna kilichosonga, shule zilikuwa na mitihani na duka lilijaa kopi. Nimeandika tu kadi ya mganga. Mganga ni kutoka kuganga, kufunga kitu kilichovunjika, kutibu, na nganga unamkuta mpaka Kongo. Mganga hajigangi, yaliyopita si ndwele tugange yajayo, hizo zote ni ganga hiyo hiyo. Na angalia lilivyokaa, Mganga Mkuu wa Mkoa ni daktari wa serikali ana ofisi na gari na muhuri, na mganga wa kienyeji ni mganga pia. Neno halijawahi kuwatenga, waliowatenga ni watu.

Wiki ya 6, kwenye treni

Naandika ndani ya behewa daraja la tatu tumetoka Tabora usiku, tumepita Urambo kwa Mirambo, Kaliua, sa hivi asubuhi tuko baada ya Uvinza na ukungu umekaa juu ya Malagarasi. Naenda Kigoma siku nne kutafuta maneno ya upande wa ziwa.

Nimekaa na kadi ya mtabiri magotini maana haikuwa imekaa vizuri. Maalim aliniambia tabiri ni taabir, na taabir kwa asili ni kufasiri ndoto, ile kazi ya Nabii Yusuf alipomfasiria mfalme ndoto ya ng'ombe saba. Mzizi wake ni abara, kuvuka. Mfasiri ndoto anakuvusha kutoka kwenye picha uliyoiona kwenda kwenye maana yake. Kondakta akapita akasema "abiria tuoneshe tiketi", nikashtuka kama kaniita jina. Abiria! Abiri ni kusafiri kwa chombo, kuvuka, abiria ni anayevuka. Mtabiri na abiria ni mtoto wa baba mkubwa na mtoto wa baba mdogo. Nimeandika pale pale kalamu inaruka na treni, mwandiko mbaya ila kadi siibadilishi.

Na utabiri wa hali ya hewa wa kwenye redio ndio huo huo.

Wiki ya 6, Kigoma

Siku ya kwanza Ujiji. Huku ramli inajulikana vizuri kuliko Tabora, wazee wanasema "kupiga bao" bila kujifikiria, na kwa akili yangu inaeleweka, Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapumzika Tabora ikafika ziwani, na watu wa pwani walikaa hapa wakaoa wakazeekea hapa. Mchanga ulikuja na vitabu vyao na Kiswahili chao, pamoja na miembe yao.

Siku ya pili Kibirizi kwenye dagaa. Nikampa "mwakeye" mama mmoja muuza migebuka, anatoka Kasulu, akacheka kusikia Kiha changu ila akakaa na mimi nusu saa. Kwake ni umupfumu, na kitendo ni kuragura. Nikamwambia kwetu mfumu na kulagula, akaniangalia akasema "basi sisi ni ndugu, mlikuwa mnatuficha nini?" Tukachekana. Akaniongezea samaki wawili sikumlipia.

Cha siku ya tatu ndio kikubwa. Pale bandarini kuna mfanyabiashara amekuja na mzigo kutoka Mpulungu, Mzambia, Kibemba ndio lugha yake na Kiswahili anakijua cha biashara. Namuuliza, kwenu mfumu ni nani? Akasema bila kusita, "imfumu ni chifu." Nikasema hapana namaanisha anayeagua, anayetibu. Akasema huyo ni shing'anga, imfumu ni chifu, huwezi kumwita chifu shing'anga utalipa ng'ombe.

Ziwa moja. Mwisho wa juu mfumu anasoma kuku, mwisho wa chini mfumu anakaa kwenye kiti. Nilikaa pale kwenye magunia nikakosa la kusema, yeye anadhani nimekasirika.

Wiki ya 7, Tabora

Nimetumia bando la wiki nzima kufuatilia hilo tu. Sio bahati mbaya, ni neno moja kabisa. Wataalamu wa lugha za Kibantu, kuna Guthrie aliyetoa vitabu vinne kati ya 1967 na 1971, na kuna orodha kubwa ya mizizi ya Kibantu inayotunzwa na jumba la makumbusho la Tervuren kule Ubelgiji, wanaurudisha mzizi wake kuwa kumu, mtu wa kuheshimiwa, mwenye mamlaka, tena na mtu wa dawa humo humo. Ile k ilipokutana na u kali ya zamani ikageuka f, kama ilivyotokea kwenye mafuta ambayo mzizi wake ni kuta. Sehemu ambazo k haikugeuka bado unaiona, Wamongo wa Kongo mkubwa wao ni nkumu. Wakongo ni mfumu, Wachewa ni mfumu, wote maana yake chifu. Waganda omufumu, Warundi umupfumu, sisi mfumu, wote anayeagua.

Kwa hiyo zamani sana kuna mtu alikuwa mmoja. Anayeheshimiwa kwa sababu anaona, au anayeona kwa sababu anaheshimiwa, halafu watoto wake wakagawana, huku wakachukua kiti huku wakachukua dawa, na jina wote wakabaki nalo.

Nimempigia mama kumwambia. Akanyamaza, akasema "rudia". Nikarudia.

Wiki ya 8

Maalim tena, nimempeleka kadi ya kahini. Nilikuwa nimeandika "kahini: Kiarabu, mpiga ramli". Akaikata kwa kalamu. Kahini hapigi ramli, kahini ni yule aliyekuwa anadai kuletewa habari za ghaibu na majini, na Qurani inasema waziwazi kwamba Mtume sio kahini, Suratut Tur aya ya 29 na Al-Haaqqa aya ya 42. Halafu akaniambia "sasa kawaulize Wakristo neno lao kuhani". Nikaangalia. Kuhani na Kuhani Mkuu wa kwenye Biblia ni mzizi huo huo, Kiebrania kohen, Kiarabu kahin. Upande mmoja mtu mtakatifu wa hekaluni, upande wa pili mtu wa kukanywa asifuatwe.

Yani imenirudisha bandarini Kigoma moja kwa moja. Mfumu na mfumu, kuhani na kahini, Mganga Mkuu na mganga. Kadi hizi tatu nimezibandika ukutani juu ya printa pamoja.

Wiki ya 9

Kadi ngumu kuliko zote, nimeiahirisha toka mwanzo. Ramli chonganishi.

Neno hili halijatoka kwenye mchanga wala kwenye kibuyu, limetoka kwenye matangazo ya serikali na polisi, kwa ajili ya wale wanaomwambia mteja aliyekuloga ni jirani yako, ni bibi yako mwenye macho mekundu, na wale walioambia watu viungo vya wenye ualbino vinaleta utajiri. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wa aina hiyo. Nakubaliana nayo kwa moyo wote. Huku kwetu magharibi na kanda ya ziwa vikongwe wamekatwa mapanga kwa neno moja la mtu anayejiita mtaalam, wengine macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni za miaka 60 na hakuna zaidi. Watoto wenye ualbino walilindwa kwenye mabweni kama wafungwa na hawana kosa. Nimeandika hayo yote nyuma ya kadi kwa herufi kubwa.

Na kuhusu sheria, tunazo mbili tofauti, Sheria ya Uchawi ni ya mkoloni ya mwaka 1928, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ni ya 2002 na hiyo inamtambua mganga anayesajiliwa. Kwenye mdomo wa watu mtaani zimekuwa kitu kimoja. Na neno ramli kwa sasa limebeba damu ambayo sio yake, ukisema mpiga ramli kijana wa leo anasikia mauaji. Ndio maana yule aliyenong'ona msibani aliruka toka ramli mpaka uchawi kwa pumzi moja, njia ilishachongwa tayari.

Kadi hii haina mapambo.

Wiki ya 10, Sikonge, Jumapili

Nimemsomea mama kadi zote 26 (ziliongezeka). Tumeanza baada ya chai tumemaliza jua linakaribia kuzama. Alisikiliza vizuri, ya ikulu aliipenda, ya abiria alicheka, ya bandarini aliniambia nisome tena mara ya tatu.

Alafu tukafika kadi ya mfumu yenyewe. Nilikuwa nimeandika "mfumu: mtu anayetabiri kwa kuku na manyanga, kama bibi". Mama akaweka kikombe chini.

"Bibi yako alimtabiria nani?"

Nikasema watu walikuja kujua mambo yao, mama.

"Walikuja kujua kilichowapata. Mtoto anaumwa, kwanini anaumwa. Mvua imekataa, kwanini imekataa. Mzimu gani umesahauliwa, nani alikula kiapo akakiacha. Sijawahi kumsikia mama anamwambia mtu kesho utapata hiki. Alikuwa anarudi nyuma. Kuku anasema yaliyokwisha, dawa ndio ya mbele."

Nimekaa na hilo mpaka usiku huu na naona ni kweli. Mtabiri anatazama mbele. Mfumu anaagua, anatafuta chanzo nyuma, na akishakipata ndio anaganga yajayo. Mimi wiki kumi nzima nimeziweka kadi hizi boksi moja kwa sababu niliwaza wote ni watu wa kuona yaliyojificha, na kosa la yule kijana wa msibani na mimi nilikuwa nalirudia, sema kwa mwandiko mzuri.

Kesho nikifika dukani nakata manila ya rangi mbili. Ya kijani kwa wanaotazama mbele, mtabiri, mbashiri, mnajimu. Ya kahawia kwa wanaorudi nyuma, mfumu na mwaguzi. Mpiga ramli bado namfikiria, maana maalim aliwahi kuniambia watu walikuwa wanapigiwa bao kutafuta kitu kilichoibiwa na msafiri aliyepotea, na hayo ni ya nyuma. Ijumaa naenda Ng'ambo kumuuliza.